Swali Lenye Jibu Moja

Kiwanda cha unga cha Mzee Pankrasi kipo Lizaboni, pembeni mwa mji wa Songea, pale nyumba zinapoanza kuachana na migomba kushika nafasi. Kwa miaka kumi na tisa Mektilda ndiye aliyekuwa akifika kabla ya watu wengine. Alianza kwa kufungasha unga kwenye mifuko, akapanda polepole, na sasa alikuwa msimamizi wa mashine zote. Mkanda haukuweza kulegea pale bila yeye kuusikia kabla fundi hajauona. Wafanyakazi walimwita Mama Christopher, kwa jina la mwanawe aliyekuwa darasa la sita, na Mzee naye alimwita hivyo hivyo, kwa heshima yote.

Mwezi Mei, wiki chache kabla ya mahindi mapya kuanza kuingia, mpokea mahindi wao, Salum, aliaga. Alikuwa amechoshwa na vumbi, akasema anarudi Tunduru kwenye mikorosho yake. Kazi yake haikuwa ya kumpa mtu yeyote tu. Mpokea mahindi ndiye anayesimama langoni na bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia, akatoa punje za ndani, akapima unyevu, akaamua gari lishushe au ligeuze. Akikosea yeye, kiwanda kizima kimekosea.

"Mama Christopher," Mzee Pankrasi alimwambia siku hiyo, "safari hii intavyuu tunafanya sote wawili. Mimi macho yananisumbua, na vijana wa sasa wanaongea kama wanafukuzwa. Kaa nami."

Mektilda alifurahi. Haikuwahi kutokea. Siku zote Mzee alisaili watu peke yake, mlango umefungwa, kisha anatoka na jina. Akampa karatasi yenye maswali, aliyoyaandika kwa mwandiko wake wa kulala upande, na Mektilda akaenda kuyasoma dirishani. La kwanza lilihusu elimu. La pili, uzoefu. La tatu na la nne yalikuwa ya mahindi yenyewe, na yalikuwa mazuri. La tano liliandikwa hivi: *Kwa mwanamke: Umeolewa? Una mtoto? Unategemea kuzaa lini?*

Alilisoma mara mbili. Akaikunja karatasi, akasema, "Sawa, Mzee," akarudi kwenye mashine. Lakini mchana ule fundi alimwita mara tatu kabla hajageuka.

Swali hilo alikuwa analijua. Aliwahi kukaa upande wa pili wa meza ileile, ana miaka ishirini na miwili, amevaa sketi ya kuazima, amefika asubuhi hiyo kutoka Madaba. Mzee Pankrasi, wakati huo nywele zake bado nyeusi, alimuuliza kwa upole kabisa, kama anayemuuliza mgeni atakunywa chai au maji: "Una mtoto, binti?"

Alikuwa naye. Aliitwa Domina, alikuwa na miaka miwili, na asubuhi ile alikuwa amemwacha kwa bibi yake, Walburga, analia huku ameshika kijiko. Baba wa mtoto alikuwa amekwenda machimboni na habari zake zilikoma njiani. Kazi ile ndiyo ingemlisha Domina. Na Mektilda aliona usoni kwa mzee yule mwema kwamba akisema ndiyo, atapewa pole, atapewa nauli, na atarudi Madaba.

"Sina," alisema.

Akaajiriwa.

Neno moja lile lilizaa mengine. Domina alipofika umri wa kuanza shule, Mektilda alimleta mjini, akawaambia watu kiwandani kwamba ni mtoto wa dada yake. Nyumbani mtoto alimwita mama. Kiwandani alifundishwa kumwita mama mdogo. Watoto hujifunza haraka. Siku moja, Domina akiwa darasa la pili, alianguka njiani akitoka shule, akaja mbio mpaka langoni goti linavuja damu, mdomo umeshafunguka kuita. Alipoona watu wamesimama, aliufunga. Akameza mate. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama mdogo, nimeumia."

Mektilda alilifunga lile goti kwa kitambaa chake cha kichwa, asiseme kitu. Katika yote yaliyompata tangu aje Songea, hakuna lililomchoma kama lile neno "mdogo".

Baadaye aliolewa na Saimon, fundi seremala, mtu mpole aliyejua kila kitu na kumlea Domina kama wake. Akazaliwa Christopher. Mzee Pankrasi alitoa likizo yote bila kunung'unika, akatuma blanketi na mchele, akaja mwenyewe kumwona mtoto, akakaa saa nzima akimchezesha. Mektilda alimtazama akatamani kumwambia. Lakini ataanzaje? Uongo ukikaa sana huota mizizi chini ya nyumba. Ukiung'oa unaogopa na ukuta utakuja. Akanyamaza. Wakaanza kumwita Mama Christopher, naye akaitika.

Usiku wa kuamkia usaili alimweleza Saimon juu ya swali la tano. Saimon aliendelea kula kidogo, kisha akasema, "Sasa safari hii umekaa upande wa muulizaji. Utafanya nini?"

"Sijui."

"Utajua ukifika," alisema, akamwongezea mboga.

Alhamisi ilikuwa na baridi ile ya Songea inayoshuka kutoka milima ya Matogoro na kukaa mitaani mpaka saa nne. Walioitwa walikuwa watatu, ila mmoja hakutokea. Mektilda alikuwa ameandaa mabakuli matatu ya mahindi, akayapanga mezani, na kando yake akaweka kipima unyevu.

Wa kwanza kuingia alikuwa Romwaldi, kijana wa Namtumbo, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Alijieleza vizuri. Alikuwa amefanya kazi kwenye ununuzi wa tumbaku, akazijua mizani na stakabadhi. Bila kuulizwa, akaongeza, "Na Mungu amenijalia mke na watoto pacha, wana miezi saba sasa."

"Hongera sana!" Mzee Pankrasi alisema, uso umechanua. "Vizuri. Mwenye familia hutulia kazini."

Romwaldi aliyapima mabakuli yote matatu kwa kipimo, akasoma namba sawasawa. La kwanza zuri. La pili lina unyevu mwingi, halifai. La tatu kavu, lipokelewe. Akashukuru, akatoka kwenda kusubiri kwenye benchi.

Kisha akaingia Nasrin. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mitano hivi, mwembamba, ushungi wa kijani, viatu vimefutwa vumbi mlangoni. "Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," waliitika pamoja.

Alitoka Namasakata, huko Tunduru. Alisomea kilimo, akafanya misimu miwili kwenye ghala la korosho. Mzee aliegemea kiti, akamtupia swali kama mtu anayerusha jiwe kupima kina cha maji.

"Wewe ni mtu wa korosho. Mimi nasaga mahindi. Kwa nini nisimchukue mtu aliyekulia kwenye mahindi?"

Lilikuwa swali kali, lakini Mektilda hakuliona baya. Lilihusu kazi, na lilikuwa na mlango wa kutokea. Nasrin naye hakuyumba.

"Ni kweli, mzee, mahindi nimeyapima kidogo kuliko korosho. Lakini zote mbili huharibiwa na maji, na wanaoleta mzigo wote hujua mahali pa kuficha mbovu. Kwenye korosho huficha katikati ya gunia. Kwenye mahindi sijui huficha wapi, lakini nitatafuta."

Mzee alicheka. "Huficha katikati vilevile."

Alipofika kwenye mabakuli, Nasrin naye alisoma namba kama Romwaldi. Lakini kwenye bakuli la tatu hakuondoka. Alichota kiganja, akanusa. Akavunja punje kwa ukucha, akaitazama kwa mwanga wa dirishani.

"Hili kipimo kinasema ni kavu," alisema taratibu. "Lakini liliwahi kulowa, likaanikwa upya. Kuna harufu ya kuvu, na moyo wa punje umebadilika rangi. Mimi nisingelipokea. Unga wake utadhuru watu."

Mektilda alijizuia asitabasamu. Bakuli lile alikuwa amelitengeneza mwenyewe kutoka kwenye gunia lililovujiwa na bati mwaka jana. Alimtazama Mzee, akaona na yeye ameridhika, ameshika kalamu tayari kuandika. Kisha Mzee akaishusha kalamu mpaka mstari wa tano, akauliza kwa upole uleule wa miaka kumi na tisa iliyopita:

"Umeolewa, binti? Una mtoto?"

Nasrin alikuwa amejibu kila kitu moja kwa moja. Sasa alinyamaza. Mikono yake, iliyokuwa juu ya meza bado na vumbi la mahindi, ilishuka mapajani ikashikana. Akatazama mlango, halafu ukuta, halafu midomo ikaanza kufunguka, na Mektilda akalijua neno linalokuja kabla halijafika. Aliijua hata ladha yake.

"Usijibu, mwanangu," alisema.

Mzee Pankrasi aligeuka. Nasrin aligeuka. Mektilda mwenyewe alijishangaa.

"Mzee, naomba tutoke kidogo. Wewe, binti, tusubiri, kuna chai kwenye chupa ile."

Walitoka mpaka kwenye banda la kupokelea mzigo, lililokuwa tupu likisubiri msimu. Mzee alikuwa amekunja uso.

"Umenikatiza mbele ya mtoto wa watu."

"Nisamehe, Mzee. Lakini lile swali si la haki."

"Si la haki vipi? Nauliza kwa wema. Msimu ukianza magari yanafika alfajiri. Nataka nijue kama atapata taabu na mtoto, nisimtese."

"Romwaldi ana pacha wa miezi saba, ukampa hongera."

Mzee alivua kofia, akaigeuza mikononi.

"Na sheria ya kazi yenyewe hairuhusu kumbagua mtu kwa uzazi," Mektilda aliendelea. "Lakini hilo liache. Mzee, mimi uliniuliza swali hilohilo. Unakumbuka nilikujibuje?"

"Miaka yote hiyo! Ulisema huna mtoto. Na hukuwa naye. Christopher kazaliwa hapahapa, mimi ndiye niliyeleta blanketi."

"Nilikuwa na Domina."

"Domina?" Mzee alisema. "Yule wa dada yako?"

"Sina dada, Mzee. Kwetu mimi ni wa kwanza, na wote walionifuata ni wanaume."

Mzee Pankrasi akatafuta mahali pa kukaa, akaketi juu ya rundo la magunia matupu, kofia mkononi. Mektilda alibaki amesimama. Alikuwa kama mtu aliyetua ndoo kichwani baada ya mlima, shingo bado inatetemeka.

"Ulinidanganya," Mzee alisema.

"Nilikudanganya. Uliniuliza swali lenye jibu moja tu, nikalitoa."

"Nilimpa yule mtoto peremende. Nikasema, huyu anafanana na mama yake mdogo kuliko…" Akakipangusa kipara kwa kiganja. "Na Saimon anajua?"

"Alijua kabla hajanioa."

"Kwa hiyo mjinga ni mimi peke yangu."

"Si mjinga, Mzee. Ni mwema. Ndiyo maana ilikuwa vigumu zaidi kukwambia."

Upepo ulipita, ukainua vumbi la unga sakafuni. Mzee alilitazama likitua. Aliposema tena, alisema polepole, kama mtu anayejikagua mfuko kwa mfuko.

"Ungesema ndiyo, nisingekuajiri. Nakwambia kweli. Ningekupa nauli ya kurudi."

"Najua."

"Nisingekuajiri," alirudia, safari hii kwa mshangao, akageuza macho kuelekea kwenye mashine ambazo mwanamke huyu alikuwa amezifufua zikiwa zimekufa, mwaka ule mbovu, mara mbili. Aliinuka, akajikung'uta suruali.

"Haya, nifundishe. Mimi nataka kujua kama mtu atafika alfajiri msimu ukiwaka. Nitauliza nini?"

"Hivyo hivyo ulivyosema. Magari yanafika alfajiri, utaweza? Na umuulize na Romwaldi."

Walirudi ndani. Nasrin alikuwa hajaigusa chai. Mzee Pankrasi alikaa, akakohoa, akasema, "Binti, lile swali nililokuuliza nimelifuta. Halikuhusu. Swali langu ni hili: kuanzia Juni mpaka Septemba, magari yanaanza kufika saa kumi na mbili kamili asubuhi, siku sita za wiki. Utaweza kuwepo?"

Mabega ya Nasrin yalishuka. Alifikiri kwa dhati, akihesabu kitu kichwani.

"Nitaweza, mzee. Naomba tu nikibadilishiwa ratiba nijulishwe siku moja kabla, ili nijipange nyumbani."

"Hiyo ni haki yako," alisema Mzee, akaandika.

Romwaldi aliporudishwa na kuulizwa swali hilohilo, alijikuna shingo. Saa kumi na mbili haikuwa shida, alisema, isipokuwa Jumamosi. Jumamosi alikuwa anasoma masomo ya ziada mjini, ameshalipia mpaka Desemba. Mzee na Mektilda walitazamana. Jumamosi ndiyo siku ambayo magari ya Madaba na Namtumbo hujipanga mpaka barabarani.

Kazi akapewa Nasrin. Si kwa ajili ya Jumamosi, bali kwa ajili ya bakuli la tatu. Hilo Mzee alimwambia Romwaldi mwenyewe, waziwazi, akamwonyesha ile punje iliyovunjwa. Romwaldi aliinusa, akatikisa kichwa. "Hapo nimeshindwa kihalali," alisema, akaomba akumbukwe nafasi nyingine ikitokea. Mektilda alimpenda kwa hilo. Mtu akishindwa kwa swali la kazi, huondoka na kitu cha kwenda kujifunza.

Siku mbili tatu Mzee Pankrasi alikuwa mkimya. Hakuwa na hasira, ila alimpita Mektilda kwa salamu fupi, kama mtu aliye kwenye nyumba ambayo samani zimehamishwa, bado anajigonga. Mektilda alimwachia nafasi. Jumatatu Mzee akaja na karatasi mpya ya maswali, akaiweka mbele yake pamoja na kalamu nyekundu.

"Kata unachoona hakifai."

Alikata mawili. Moja lilikuwa la dhehebu. Mzee aliliacha likatwe bila neno. La pili akalitetea.

"Hilo hapana. 'Kwenu ni wapi, na wewe ni mtoto wa nani?' Hilo ni salamu! Mtu hata hujamjua unamwajirije?"

"Basi likae kwenye salamu, Mzee. Lisikae kwenye alama."

Mzee alifikiri, akacheka kicheko chake cha kawaida, cha tumboni, na Mektilda akajua yamekwisha. "Na wafanyakazi?" Mzee aliuliza. "Tutawaambia nini kuhusu Domina?"

"Nitawaambia mwenyewe."

Aliwaambia saa nne, wakati wa chai. Alikuwa amepanga maneno tangu alfajiri, lakini yalipofika mdomoni yakawa machache tu: kwamba Domina ni mwanawe wa kumzaa, kwamba alidanganya ili apate kazi, na kwamba anaomba radhi. Benigna, mpishi wao, aliyekuwa akigawa viazi vya kuchemsha, akasema bila kuacha kugawa:

"Tunajua."

"Mnajua?"

"Jamani, Mama Domina! Mtoto kachukua paji la uso lako, mwendo wako, mpaka kupiga chafya kwako. Tangu lini mtoto wa dada akapiga chafya hivyo? Tulikuwa tunakusubiri useme mwenyewe. Chukua kiazi, kinapoa."

Watu walicheka, na Mektilda akacheka mpaka akajifuta macho. Nasrin, aliyekuwa na siku yake ya kwanza na bado anashika kikombe kwa mikono miwili kama mgeni, alimtazama kutoka upande wa pili wa meza. Baadaye, walipokuwa wakitembea kuelekea langoni na Mektilda akimwonyesha jinsi ya kushika bambo ili lisipasue gunia, binti yule alisema ghafla, "Wangu anaitwa Asma. Ana miaka mitatu. Yuko kwa mama yangu."

"Mlete mjini ukishapata chumba," Mektilda alisema. "Kuna shule ya awali nzuri hapa karibu, nitakupeleka uione."

Jioni ile alimpigia simu Domina, aliyekuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Alimsimulia yote, tangu karatasi ya maswali mpaka viazi vya Benigna. Alikuwa amekaa uani, jiko la mkaa mbele yake, makande yakitokota. Upande wa pili akasikia Domina akicheka.

"Mama, nikwambie kitu? Mimi nilipokuwa mdogo nilidhani mama mdogo ni cheo chako cha kazini. Nilijua Mzee Pankrasi ndiye mkubwa, wewe ndiye mama mdogo. Niliwaringia wenzangu shuleni."

"Hukuumia?"

Domina alifikiri. "Niliumia siku moja tu, ile ya goti. Lakini ulinifungia kwa kitambaa chako kizuri, kile cha Pasaka. Nikasema, basi, huyu ni mama."

Mektilda alikoroga makande ingawa hayakuhitaji kukorogwa. Domina, aliyemjua mama yake, hakumngoja. Alianza kumweleza habari za wodi aliyopangiwa wiki ile, ya wazazi, na jinsi mkufunzi wao alivyomwachia ashike mtoto aliyezaliwa dakika hiyo, mzito, mwenye nywele nyingi, aliyekojoa moja kwa moja kwenye aproni yake mpya. Saimon alitoka ndani na sahani, Christopher nyuma yake na chumvi, wakaketi kwenye mkeka. Mektilda akaiweka simu katikati yao, akaongeza sauti, ili wote wasikie.